Kulainisha kitunguu: mfuniko, mwiko, maji au blenda?

Mapishi mengi huanza kwa sentensi ileile: kaanga kitunguu mpaka kiive, kisha tia nyanya. Ni sentensi fupi mno kwa kazi kubwa inayoibeba. Haisemi moto uwe wa kiasi gani, mafuta yaingie kiasi gani, sufuria ifunikwe au iachwe wazi, wala huko "kuiva" kwenyewe ni kuiva kwa namna gani. Kitunguu cha mchicha wa nazi hakiivi kama cha pilau, na cha rosti ya nyama hakifanani na cha supu ya mtu anayeinuka kitandani baada ya homa.

Kwa hiyo anayesimama mbele ya jiko na vitunguu vitatu vilivyokwisha katwa ana uamuzi wa kufanya kabla hajawasha moto. Njia zinazotumika sana majumbani kwetu ni nne: kulainisha kwa mafuta kidogo chini ya mfuniko, kukaanga wazi huku mwiko ukizunguka mpaka rangi ije, kuanza na maji na kutia mafuta baadaye, na kukisaga kitunguu kabisa kabla hakijaona moto. Zote nne nazitumia, na kila moja nimeshaiona ikiokoa chakula ambacho nyingine ingekiharibu.

Tunazipima kwa nini

Nimezitazama zote kwa mambo yaleyale: muda, tangu kitunguu kiguse sufuria mpaka kiwe tayari kupokea nyanya au nyama, moto na chombo, mafuta, ladha na umbile, na makosa yanayotokea mara nyingi. Kisha inamfaa nani. Vipimo nilivyotaja ni vya vitunguu maji vitatu vya wastani, kama gramu 400 vikishamenywa, vile vyekundu vya sokoni, viwe vimetoka Mang'ola, Singida au Ruaha Mbuyuni. Ukiongeza kitunguu, muda nao unaongezeka, na nitaeleza kwa nini.

Kabla ya njia yenyewe, inafaa kujua kinachoendelea ndani ya sufuria, maana ukikielewa hicho huhitaji tena kuhesabu dakika.

Karibu asilimia 89 ya kitunguu ni maji. Ile sauti ya chwaaa unayoisikia kikigusa mafuta ya moto ni maji yake yakigeuka mvuke. Maadamu maji yapo, joto la kitunguu halipandi sana kupita nyuzi 100, hata uchochee moto vipi, na kwenye joto hilo kinalainika tu, hakishiki rangi. Rangi ya kahawia inataka joto la kama nyuzi 140, na huko hakufikiki mpaka maji mengi yawe yameondoka. Ndiyo sababu kitunguu hukaa dakika kumi kikiwa cheupe kana kwamba kimegoma, halafu ndani ya dakika mbili kimekuwa dhahabu, na dakika mbili nyingine kimeungua.

Na ule utamu unaojitokeza? Watu husema sukari imeongezeka. Sukari ilikuwemo tangu mwanzo, kama gramu 4 katika kila gramu 100 za kitunguu kibichi, ila ilifunikwa na ule ukali unaotutoa machozi. Ukali huo ni mwepesi, hupaa pamoja na mvuke, na kimeng'enya kinachoutengeneza huharibiwa na joto. Ukali ukiondoka na maji yakipungua, utamu unabaki peke yake uwanjani.

Jambo la mwisho ni uchachu. Kuta za kitunguu zimeshikanishwa na pektini, na pektini haiachii kwa urahisi penye uchachu. Ukitia nyanya, ndimu au ukwaju wakati kitunguu bado kinalia chini ya meno, kitaendelea kulia hivyo hata uchemshe mchuzi nusu saa nzima. Kosa hili halichagui njia, linaharibu zote nne, na kwa maoni yangu ndilo linaloharibu michuzi mingi kuliko kuungua. Kilichoungua unakiona na kukimwaga. Kibichi kinafika mezani.

Njia ya kwanza: mafuta kidogo, moto mdogo, mfuniko

*Muda.* Dakika 12 hadi 15. Katika muda huo unageuza kila baada ya dakika tatu au nne, kwa hiyo mikono inabaki huru kuchambua mchicha au kukuna nazi.

*Moto na chombo.* Hapa ndipo ugumu ulipo. Kwenye gesi ni rahisi: jicho dogo, moto wa mwisho kabisa kwa udogo. Kwenye mkaa inabidi uutafute moto huo. Funga mlango wa jiko ili hewa ipungue, tandaza majivu juu ya makaa, au ngoja makaa yaliyokwisha kupika wali ndiyo uyatumie kwa kitunguu. Sufuria nene inafaa, na chungu cha udongo kinafaa zaidi, kwa kuwa joto lake linatambaa polepole na kusambaa. Sufuria nyembamba ya aluminiamu hupata moto mkali katikati, na kitunguu cha katikati kitashika rangi wakati cha pembeni bado ni kibichi.

*Mafuta.* Vijiko viwili vya chakula vinatosha, kama mililita 30. Kitunguu kinajipika kwa maji yake chenyewe, na mfuniko unayarudisha yale yaliyotaka kutoroka.

*Ladha na umbile.* Chukua slesi moja uitazame kwa karibu. Mwanzo ni nyeupe nzito, na ukingo wa zambarau umejichora wazi. Baada ya dakika tano ule uzambarau umeanza kufifia na kuchuja, kingo zimekuwa kama kioo, lakini katikati bado pana utepe mweupe. Baada ya dakika kumi utepe umetoweka, slesi imelegea, na ukiilaza kwenye mwiko unaona mbao kwa chini yake. Sasa ibane na mwiko ubavuni mwa sufuria. Ikikatika bila sauti, tayari. Ikiteleza na kuruka, funika tena. Ladha yake ni tamu ya upole, haina ukali, haina harufu ya kukaanga. Ikiingia kwenye tui la nazi inakaa chini ya nazi wala haishindani nayo.

*Makosa.* Kubwa ni kufunua kila saa. Kila ukifunua, mvuke unatoka, na baada ya mara tano sita unakuwa unakaanga kitunguu kikavu kwenye mafuta machache, kinashika chini. Kikishika, kijiko kimoja au viwili vya maji vinakiokoa. Kosa la pili ni kusahau chumvi. Nusu kijiko cha chai ikiingia mwanzoni huyavuta maji ya kitunguu mapema na kukilainisha sawasawa, na unaipunguza hiyo kwenye chumvi ya chakula baadaye.

*Inamfaa* mtu wa jiko la gesi au la umeme, anayepika vyakula vya nazi, mboga za majani, maharage, dengu, supu nyepesi. Haimfai mwenye njaa ya sasa hivi, wala anayetaka rangi.

Njia ya pili: wazi, mwiko mkononi, mpaka rangi

Shangazi yangu wa Tanga alikuwa akipika pilau huku amelipa jiko mgongo. Alikaa juu ya mbuzi akikuna nazi ya chakula kingine, na kitunguu kiko nyuma yake motoni. Mimi nilipewa mwiko na kazi ya kugeuza. Kila baada ya muda alisema tu, "Geuza," na nilipotazama nilikuta kweli chini kumeanza kushika. Nilidhani ana jicho kisogoni. Miaka mingi baadaye, nikipika peke yangu, ndipo nilipong'amua kwamba alikuwa anasikiliza. Kitunguu chenye maji mengi kinapiga kelele nzito, ya kuchemka. Maji yakipungua, sauti inakuwa nyembamba, ya kupasuka-pasuka. Sauti ikikaribia kunyamaza, maji yamekwisha na rangi inakuja mbio. Kwa njia hii, sikio ni chombo cha jikoni kama mwiko.

*Muda.* Inategemea unataka kuishia wapi. Laini na cheupe: dakika 6 hadi 8. Dhahabu: 12 hadi 15. Kahawia ya pilau: 18 hadi 25. Dakika tano za mwisho hutakiwi kuondoka hata kwenda kupokea simu.

*Moto na chombo.* Moto wa wastani, sufuria pana. Upana ni muhimu kuliko unene hapa, kwa sababu mvuke unahitaji njia ya kutoka. Ukirundika kitunguu kwenye sufuria nyembamba ya kimo kirefu, cha chini kinachemka katika maji ya cha juu, na rangi haiji. Ndicho kinachowapata wanaopikia shughuli. Kilo tano za kitunguu zimebeba zaidi ya lita nne za maji, na maji yote hayo lazima yapae kabla rangi haijaonekana. Gawa mafungu mawili au matatu, au anza na moto mkali mpaka maji yapungue ndipo ushushe.

*Mafuta.* Mengi kuliko njia zote. Kwa mchuzi wa kawaida vijiko vitatu hadi vinne vya chakula. Kwa pilau, nusu kikombe, kama mililita 120, si nyingi kwa sababu mafuta hayo ndiyo yatakayoupaka mchele wote. Samli inahimili moto vizuri na harufu yake inapatana na pilau. Siagi ya kawaida ina maji na chembe za maziwa, na hizo zinaungua kabla kitunguu hakijafika. Mafuta ya mawese, wanayoyapenda Kigoma na ng'ambo ya ziwa kule Kongo, yana shida ya pekee: wekundu wake unaficha rangi ya kitunguu. Ukiyatumia, acha kuamini jicho, tumia sikio na pua.

*Ladha na umbile.* Dhahabu ina utamu na harufu ya kukaanga, inafaa mchuzi wa nyama na kuku wa kawaida. Kahawia ina utamu wenye uchungu kidogo kwa mbali, na ndiyo inayoupa pilau la pwani rangi yake. Pilau jeupe lililotiwa viungo vyote kwa usahihi mara nyingi limekosa kitu hiki kimoja tu. Wapo wanaotafuta rangi kwa sosi ya chupa. Sitawazuia, ila rangi ya sosi haiji na ladha ile. Kwa biriani unakwenda mbele zaidi, kitunguu kinakaangwa kwenye mafuta ya kukizamisha mpaka kikauke, kinaopolewa na kutandazwa kwenye karatasi ili kibaki kikavu, kisha nusu inapondwa ndani ya rojo na nusu inanyunyizwa juu ya wali.

*Makosa.* Kungoja rangi unayoitaka ndipo utoe. Mafuta ya moto yanaendelea kupika hata moto ukizimwa, hasa kwenye jiko la umeme la koili ambalo halipoi upesi. Toa au tia thomu na tangawizi kitunguu kikiwa bado hatua moja nyuma, rangi ya chai ya maziwa, kitafika chenyewe kwenye kahawia. Kosa jingine ni kukata kwa vipande visivyolingana. Chini ya mfuniko tofauti haionekani sana, lakini hapa vyembamba vitakuwa vyeusi wakati vinene ni vya dhahabu, na vyeusi vichache vinatosha kulitia pilau zima uchungu. Mara mbili nimejaribu kuviokota kimoja kimoja kwa uma. Siku hizi naanza upya. Kitunguu ni rahisi kuliko nyama na mchele vinavyokuja nyuma yake.

*Inamfaa* mwenye muda wa kusimama, anayepika pilau, biriani, rosti za kukausha, nyama ya kukaanga. Ndiyo njia pekee kati ya hizi inayoleta rangi ya kweli. Haimfai anayelea mtoto wa kutambaa huku anapika, wala anayeangalia mafuta kwa sababu ya mfuko au ya afya.

Njia ya tatu: maji kwanza, mafuta baadaye

Njia hii watu wanaiona ya kimasikini. Nadhani wanaidhulumu.

*Muda.* Dakika 8 hadi 10 mpaka maji yakauke, na mbili au tatu nyingine baada ya mafuta kuingia. Kwa kulainisha kabisa, ni ya haraka na ya uhakika.

*Moto na chombo.* Wowote, chochote. Ndiyo nguvu yake. Kitunguu kinakwenda kwenye sufuria na nusu kikombe cha maji na chumvi, na kwa kuwa maji hayapiti nyuzi 100, hata sufuria nyembamba juu ya makaa yaliyowaka yote haiwezi kukiunguza mpaka maji yaishe. Nairobi, kwenye mwinuko wa karibu mita 1,800, maji huchemka kwenye nyuzi 94 hivi badala ya 100 za Mombasa au Dar es Salaam, kwa hiyo wa huko aongeze dakika mbili.

*Mafuta.* Kijiko kimoja kinatosha, kwa sababu hakijanywewa njiani. Mafuta yakiingia mwisho yanakipaka kitunguu kilichokwisha iva, na harufu yake unaisikia kwenye chakula.

*Ladha na umbile.* Laini kuliko njia zote za kukata, kinakaribia kupotea ndani ya mchuzi. Ladha yake ni ya supu, haina ule mguso wa kukaanga. Kwenye supu ya kuku au mtori hilo ni jema. Kwenye mchuzi wa nyama wengine wataona umepwaya.

*Makosa.* Maji mengi. Ukitia vikombe viwili umechemsha kitunguu, na ukiyamwaga umemwaga ladha yote. Anza na kidogo, ongeza ikibidi. Pia usitie mafuta kabla maji hayajakauka, yatakurukia.

*Inamfaa* mwenye jiko moja la mkaa lisiloshuka, mwanafunzi wa chumba cha kupanga mwenye sufuria moja, anayepunguza mafuta, anayempikia mgonjwa au mtoto anayeanza kula.

Njia ya nne: kukisaga

*Muda.* Kusaga dakika moja, kupika dakika 15 hadi 20. Wengi huchagua blenda wakidhani wanaokoa muda. Unaookolewa ni wa kukata, na unalipwa jikoni.

*Moto na chombo.* Moto wa wastani kisha mdogo, sufuria yenye kimo, maana rojo la kitunguu linarusha matone ya moto. Mfuniko ulioachwa upenyo unasaidia. Asiye na blenda anatumia greta au kinu.

*Mafuta.* Vijiko vinne, au vitatu ukiwa na subira.

*Ladha na umbile.* Mchuzi mzito, mlaini, hauna kipande hata kimoja. Ila kusaga kunapasua kila chembe ya kitunguu kwa mara moja, na ukali wote unatoka kwa wingi kuliko ukikata kwa kisu. Rojo bichi la kitunguu lina ukali wa kuchoma pua, na lisipopikwa sawasawa chakula kizima kinanuka ubichi. Alama ya kuiva ni mafuta kujitenga: unavuta mwiko katikati ya sufuria, njia inabaki wazi kwa muda, na mafuta yanachuruzika pembeni. Kabla ya hapo usitie nyanya.

*Makosa.* Kusaga asubuhi kwa ajili ya jioni. Kadiri rojo bichi linavyokaa ndivyo linavyoharibika ladha na kuingia uchungu. Kama lazima usage mapema, chemsha kwanza vitunguu vikiwa vizima kwa dakika kumi, kisha saga. Joto limekwisha kuua kile kimeng'enya, ukali hauzaliwi tena, na kupika kunapungua nusu.

*Inamfaa* anayepika rosti, rojo la biriani, kuku wa mchuzi mzito, na mwenye watoto wanaochambua kila kipande cha kitunguu na kukipanga ukingoni mwa sahani.

Mambo madogo yanayobadilisha hesabu

Namna ya kukata ina neno. Slesi zilizokatwa kwa urefu, kutoka shinani kwenda kichwani, zinashika umbo hata zikiiva. Zilizokatwa kwa mviringo zinavunjika upesi na kuyeyuka. Kwa kitunguu kinachotakiwa kuonekana, kama cha maini au cha samaki wa kukaanga, kata kwa urefu. Kwa kinachotakiwa kupotea, mviringo au vipande vidogo.

Magadi yanalainisha kwa kasi ya kutisha. Chembe chache tu, na pektini inaachia. Lakini yakizidi, kitunguu kinakuwa uji wenye ladha ya sabuni, na kile chekundu kinageuka rangi ya bluu-kijani isiyopendeza mezani, kwa kuwa wekundu wake hubadilika penye magadi. Mimi siyatii. Anayeyatia kwenye maharage kwa mazoea ya kwao atie kwenye maharage, si kwenye kitunguu.

Na thomu iingie mwisho. Ina maji machache kuliko kitunguu, hukatwa ndogo, na inaungua wakati kitunguu hata hakijalegea.

Uchague ipi

Kama chakula ni cha nazi, iwe mchicha, kisamvu, maharage au samaki, na jiko lako linashuka moto, nenda na mfuniko. Rangi ya kahawia ingelichafua tui, na harufu ya kukaanga ingeifunika nazi. Kama jiko halishuki, maji kwanza yatakufikisha karibu palepale. Malizia na kijiko kimoja cha mafuta ya nazi.

Kama ni pilau au biriani, hakuna cha kujadili kuhusu kufunua: sufuria pana, wazi, mwiko mkononi. Swali linabaki la kiasi cha mafuta, na hapo kila nyumba ina lake. Unaweza kukaanga kwa nusu kikombe na kuopoa kijiko kimoja au viwili kabla ya kutia nyama. Hayo uliyoopoa yahifadhi, yana harufu nzuri ya kuungia dengu kesho.

Kama umerudi kutoka kazini saa moja jioni na watu wana njaa, usifunike na usisage. Tia maji, moto mkubwa, dakika kumi, kisha mafuta na nyanya. Mchuzi utakuwa mwepesi kidogo lakini kitunguu kitakuwa kimeiva, na kilichoiva kwa maji ni bora kuliko kilichokaangwa nusu.

Kama unapikia wageni rosti na una mchana mzima, unganisha njia. Kitunguu kimoja ukikaange mpaka dhahabu kwa ajili ya rangi, viwili uvisage kwa ajili ya uzito, upike pamoja mpaka mafuta yajitenge. Ndivyo ninavyofanya mwenyewe siku za sikukuu.

Kama unampikia anayelalamika kiungulia kila akila vya mafuta, anza na maji, au mfuniko kwa kijiko kimoja cha mafuta.

Kama ndiyo kwanza unajifunza kupika, anza na mfuniko kwa wiki mbili tatu. Inakupa nafasi ya kutazama kitunguu kikibadilika bila kukukimbiza, na ukikosea kijiko cha maji kinarekebisha. Ukishaijua ile slesi iliyolegea inayoonyesha mbao ya mwiko, ondoa mfuniko, pandisha moto kidogo, geuka ukunje nguo au uchambue mchele, na usikilize.